Gogo la Ufuoni Ndani ya Tangi la Samaki: Jinsi ya Kulitayarisha Lisidhuru

Samaki sita walikufa katika tangi la kioo la lita 54 siku ya tatu baada ya pambo jipya kuwekwa ndani. Tangi lilikuwa la mwenye mkahawa mdogo mjini Malindi. Pambo lilikuwa gogo ambalo kijana mmoja seremala aliliokota ufuoni karibu na mdomo wa Mto Sabaki, akalipangusa mchanga, akalipaka vanishi ili ling'ae, kisha akalitumbukiza majini. Mteja alidai pesa zake. Kijana alizirudisha na kulipia samaki pia.

Alipobeba ndoo ya maji ya tangi lile hadi kwa afisa wa uvuvi, aliulizwa swali ambalo hakulitarajia.

"Mwanangu, hilo gogo lilikuwa wapi kabla hujaliokota?"

"Ufuoni, mama."

"Na kabla ya ufuoni?"

Hakuwa na jibu. Somo la toleo hili linaanzia hapo, kwa sababu vijana wengi wa Kilifi wanaotengeneza matangi ya samaki hutumia magogo ya aina hii, na kwa haki. Gogo lililopwelewa limekwisha kulainishwa na mawimbi, lina mikunjo ambayo patasi haiwezi kuiga, na samaki hulipenda kwa kuwa hupata kivuli na mahali pa kujificha.

Sabaki hauanzii Kilifi. Huanza kama Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, hukutana na Tsavo ukaitwa Galana, na hupata jina la Sabaki unapokaribia bahari. Njiani hupokea maji taka ya miji na maji yanayotiririka kutoka mashambani. Mvua za masika zikinyesha huteremsha matope mekundu pamoja na miti mizima, na upepo wa kusi husukuma vingi vya vitu hivyo hadi pwani. Kwa hiyo gogo la ufuoni huenda lilikuwa mti wa kando ya mto, nguzo ya ua wa mtu, au kipande cha chombo kilichovunjika.

Cha kwanza ni kulinusa. Gogo likinuka mafuta ya taa, lami, rangi au dawa, liachwe. Likinuka yai viza, limezikwa muda mrefu katika tope lisilo na hewa na huenda limeoza ndani. Cha pili ni kulibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukizama, mti umeoza na utaendelea kuozea ndani ya tangi, ukila hewa ambayo samaki wanaihitaji. Cha tatu ni kutafuta alama za mkono wa binadamu: tundu la msumari, rangi ya kijani iliyokolea ndani ya mti, doa jeusi la mafuta. Nguzo na mbao nyingi hutiwa dawa za kuzuia mchwa, nyingine zikiwa na shaba na aseniki, na hakuna kuchemsha kunakoweza kuziondoa kabisa. Mataruma na mbao za majahazi nazo zisitumike, hata zikiwa nzuri kiasi gani. Wazee walizipaka sifa na deheni, na siku hizi vyombo hupakwa rangi ya kuzuia chaza, ambayo mara nyingi ina shaba. Shaba kidogo tu inatosha kuua konokono na kamba wa tangini.

Aina ya mti pia ina uzito wake. Mwarobaini ni dawa nyumbani na shambani, lakini mafuta yake ni sumu kwa samaki. Mtupa hauhitaji maelezo kwa mtu wa pwani, kwani wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki, na leo kuvua kwa sumu ni kosa kisheria. Mkaratusi una mafuta makali, na misonobari ina utomvu. Kinachofaa ni mti mgumu, mkavu, uliokufa zamani na usio na harufu. Asiyeweza kuutambua mti wake afadhali autumie kupamba sebule.

Kuna pia suala la mahali pa kuokota. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa kisheria tangu 1968, na ndani yake hairuhusiwi kuondoa chochote, iwe gogo, kombe au tumbawe. Mikoko, pamoja na ile ya Mida, haikatwi bila kibali cha idara ya misitu, na mzizi mbichi wa mkoko haugeuki gogo la ufuoni kwa kuachwa juani wiki moja. Kwenye fuo ambazo kasa hutaga, gogo lisiburutwe juu ya mchanga mkavu, kwa maana mayai huwa yamefukiwa chini.

Gogo likipita majaribio hayo, kazi ya kusafisha ndiyo inayoanza, na hapa ndipo wengi hukosa subira. Lisuguliwe kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni na jiki zisitumike, maana mti hunywa kile unachooshwa nacho na kukitoa baadaye polepole. Magome yote yabanduliwe. Ncha kali zipigwe msasa hadi kiganja kipite bila kukwaruzwa, kwa sababu samaki akishtuka hukimbia bila kutazama na anaweza kutoboka jicho. Tundu ambalo samaki anaweza kuingiza kichwa lakini hawezi kugeuka ndani yake lipanuliwe au lizibwe kwa kipande cha mti huohuo.

Baada ya hapo lichemshwe kwa saa moja hadi mbili katika sufuria kubwa, likiwa limefunikwa na maji wakati wote. Kuchemsha huua wadudu waliojificha kwenye matundu na vijidudu vya ukungu, na huanza kutoa chumvi na rangi. Pipa lililowahi kubeba mafuta au dawa ya shambani halifai. Gogo lisilotosha sufuriani limwagiwe maji yanayochemka mara kadhaa, kisha lilowekwe kwa muda mrefu zaidi. Kulikausha kwenye oveni au juu ya makaa ni kutafuta moto ndani ya nyumba.

Chumvi ndiyo adui mkubwa wa gogo lililotoka baharini, kwa kuwa samaki wengi wanaouzwa kwa ajili ya matangi ni wa maji baridi. Gogo lilowekwe katika maji yasiyo na chumvi kwa wiki mbili hadi nne, maji yakibadilishwa kila siku katika wiki ya kwanza na kila baada ya siku mbili baadaye. Kujua kama chumvi imeisha hakuhitaji mashine. Gogo likishalala majini siku nzima, chukua kijiko cha maji hayo na kijiko cha maji ya bomba, uvikaushe juani kwenye kipande cha kioo safi. Doa la maji ya gogo likiwa jeupe kuliko la bomba, endelea kuloweka. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvichumvi, kwa hiyo asiyekuwa na bomba atumie maji ya mvua.

Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi. Hilo lisimtie mtu hofu, kwani ni tanini ya mti, ambayo kwa kiasi kidogo haidhuru na hupungua kila maji yanapobadilishwa. Ila tanini huongeza asidi kidogo, na hapo aina ya samaki ina umuhimu. Gapi na samaki wa dhahabu huvumilia. Samaki wa rangi kutoka Ziwa Malawi wamezoea maji magumu yasiyo na asidi, na tangi lao hupambwa vyema zaidi kwa mawe.

Gogo ambalo bado linaelea lisisukumwe chini kwa kitu cha chuma kinachoshika kutu. Lifungwe kwenye jiwe tambarare kwa mshipi wa nailoni, au ligandishwe kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, na kuachwa nje ya maji siku mbili au zaidi hadi harufu ya siki iishe kabisa. Vanishi, rangi na gundi ya mbao havina nafasi hapa. Mti ukilowa vizuri hung'aa wenyewe.

Wiki ya kwanza tangini, ute mweupe kama pamba unaweza kuota juu ya gogo. Ni ukungu unaokula sukari iliyobaki katika mti. Ufutwe kwa brashi. Mara nyingi huisha wenyewe. Lakini samaki wakipanda juu kuvuta hewa, au maji yakinuka, gogo litolewe mara moja na theluthi ya maji ibadilishwe kwa maji ya bomba yaliyoachwa wazi kwenye ndoo kwa saa 24 ili klorini iondoke.

Kwa asiye na muda wa kungoja mwezi mzima, kifuu cha nazi kinatosha. Kisafishwe nyuzi na nyama yote, kichongwe mlango upande mmoja, kichemshwe na kulowekwa kwa siku chache hadi maji yapungue rangi. Samaki hutagia humo, na kifuu hakigharimu chochote katika nyumba inayopika wali wa nazi.

Seremala wa Malindi sasa haanzi na tangi la mteja. Gogo lake la pili lililowekwa kwa siku 24, likakaa wiki mbili katika tangi lake mwenyewe pamoja na gapi wanne, na wote wako hai. Mwenye mkahawa hajarudi. Gogo limeshapata mnunuzi mwingine, ambaye aliomba kwanza aonyeshwe hao gapi.