Kulehemu kwa Moto Mdogo: Kwa Wenye Karakana za Nyumbani Lushoto

Katika mabonde ya Lushoto, Soni na Mlalo mboga nyingi humwagiliwa kwa keni, na keni za bati huvuja, hasa kwenye shingo ya mdomo na mshono wa kitako. Wengi huzipeleka kwa fundi wa kuchomelea kwa umeme. Bati jembamba halihimili moto ule: hutoboka, na zinki iliyolifunika hutoa moshi mweupe unaoweza kumpa fundi homa na kutetemeka usiku. Kazi hii ni ya kulehemu.

Anayelehemu hayeyushi bati, anayeyusha waya wa lehemu tu. Waya wa stani 60 kwa risasi 40 huyeyuka kwenye nyuzi joto 190 hivi, ilhali zinki husubiri mpaka 420. Kwa hiyo pasi yenye kichwa cha shaba, iliyopashwa kwenye jiko la mkaa, inatosha, hata pasipo na umeme.

Jaribu kwanza kwenye vipande viwili vya bati chakavu. Visugue kidogo kwa msasa, kwani lehemu haishiki penye kutu, mafuta wala rangi. Paka flaksi ya mabati, yaani dawa inayosaidia lehemu kushika. Ile ya utomvu wanayotumia mafundi redio ni dhaifu kwa kazi hii. Kisha weka pasi juu ya bati, si juu ya waya. Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapoharibu. Bati lenyewe likishapata joto, gusisha waya pembeni: ukiyeyuka na kutambaa ndani ya mshono, umefanikiwa. Ukijikusanya vitonevitone, bati ni chafu au bado ni baridi, na kuongeza lehemu hakutasaidia. Usikitikise kiungo mpaka kigande. Kikipoa, osha flaksi kwa maji ya moto, maana ikibaki italila bati, halafu kikunje kwa koleo. Kikibanduka, rudia kabla hujaigusa keni.

Sufuria za alumini ni habari nyingine. Utando mgumu juu yake huikataa lehemu ya kawaida. Vipo vijiti maalumu vinavyoyeyuka karibu na nyuzi 400 kwa moto wa gesi, lakini kuwa mwangalifu: alumini huyeyuka kwenye 660 bila kubadilika rangi, ukashtukia sufuria imeanguka.

Risasi ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto, ubongo wao ukiwa bado unakua. Usiitumie kwenye ndoo ya maji wala chombo cha maziwa. Tafuta lehemu ya stani na shaba, inayoyeyuka kwenye nyuzi 227. Chombo cha kukaa motoni usikilehemu kabisa kwa lehemu hizi za stani. Tangi la petroli usilipashe moto, hata likiwa tupu, kwani mvuke uliobaki hulipuka. Fanyia kazi nje au penye upepo, watoto wakiwa mbali, na unawe mikono kabla ya kula.

Dukani, soma maandishi kwenye kigurudumu cha waya. Kama hayapo, chukulia kwamba waya huo una risasi.