Jokofu Dogo la Nyumbani: Kulitumia, Kulitunza na Kulitambua Linapoharibika



Jokofu, au friji kama wengi wetu tulivyozoea kuliita, haliui vijidudu vya maradhi. Kazi yake ni kuvizuia visizaliane kwa kasi. Ubaridi ukipungua, vijidudu huongezeka hata kama chakula hakijabadilika harufu wala ladha. Kwa hiyo pua na ulimi si vipimo vya kutegemewa. Maelezo haya yamekusudiwa kaya zinazotumia jokofu dogo katika nyumba za kupanga za Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia.

1. Kiwango cha baridi

Ndani ya jokofu joto lisizidi nyuzi 40 za Fahrenheit, sawa na nyuzi 4 za Selsiasi. Ndani ya friza liwe nyuzi 0 za Fahrenheit, yaani nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri.

Majokofu mengi madogo hayaonyeshi joto. Yana kitasa chenye namba, kwa mfano 1 hadi 7. Namba hizo si nyuzi. Kwa kawaida namba kubwa huleta baridi zaidi. Nunua kipimajoto cha jokofu, kitie ndani ya glasi ya maji, weka glasi hiyo rafu ya katikati usiku kucha, kisha usome asubuhi. Likizidi 40, ongeza namba moja, subiri siku nzima, upime tena.

Kisanduku cha barafu kilichomo ndani ya jokofu la mlango mmoja mara nyingi hakifikii nyuzi 0. Kinafaa kwa barafu na kwa chakula cha siku chache, si kwa nyama ya mwezi mzima. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 36 na 46 za Fahrenheit. Iweke mbali na kisanduku hicho, kwani insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka.

2. Mahali na umeme

Umeme wa majumbani hapa Marekani ni wa volti 120. Jokofu lililonunuliwa Afrika Mashariki au Ghuba, kwenye umeme wa volti 220 hadi 240, lisichomekwe hapa. Kifaa cha kulinda friji tulichokizoea huko nacho kisiletwe, kwa kuwa kimetengenezwa kwa umeme wa huko.

Chomeka jokofu moja kwa moja ukutani, si kwenye waya mwembamba wa kurefushia. Acha nafasi ya inchi mbili hivi nyuma yake, maana ndipo linapotolea joto. Likiwa limesafirishwa kwa kulazwa, lisimamishe saa kadhaa kabla ya kuliwasha. Lililolala siku nzima liache lisimame siku nzima.

3. Kukiweka chakula

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Siku ambayo joto la nje limepita nyuzi 90 za Fahrenheit, jambo la kawaida hapa Julai na Agosti, kisizidi saa 1. Wali na pilau vyahitaji uangalifu wa pekee: kuna kijidudu kinachostahimili kuchemshwa, na sumu yake haiondoki kwa kupasha moto.

Usiingize sufuria zima la pilau ya moto. Litapandisha joto la jokofu dogo, na katikati yake patakaa vuguvugu kwa saa nyingi. Gawa chakula katika vyombo vipana visivyo na kina kirefu. Kiporo kilichowekwa barabara kitumike ndani ya siku 3 hadi 4, nacho kipashwe moto hadi nyuzi 165 za Fahrenheit. Kiporo cha futari kitakacholiwa daku nacho kiingie jokofuni mara baada ya kula; kisisubiri watu warudi kutoka tarawehe.

Nyama mbichi na samaki vikae rafu ya chini, ndani ya chombo, ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Kuku, samaki na nyama ya kusaga visipite siku 2 bila kugandishwa.

Sikukuu ya Idi ya kuchinja ni mtihani mkubwa kwa jokofu dogo. Nyama nyingi yenye joto la mwili ikishindiliwa ndani kwa pamoja, jokofu hushindwa kuipoza, na vilivyokuwemo huharibika pia. Toeni mafungu ya jamaa na majirani siku hiyo hiyo. Sehemu ya nyumbani ifungwe vifurushi vidogo bapa, ipozwe kwa barafu ndani ya sanduku la baridi, kisha igandishwe kidogo kidogo.

4. Matunzo

Kila wiki: futa ndani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, na utupe kilichopita siku zake.

Kila mwezi: kagua mpira wa mlango. Bana noti ya dola kati ya mpira na jokofu, kisha uivute. Ikitoka bila ukinzani, usafishe mpira huo. Usipobana bado, wahitaji kubadilishwa.

Barafu ikifikia unene wa robo inchi: chomoa jokofu, toa chakula, acha mlango wazi barafu iyeyuke yenyewe. Usiichokoe kwa kisu. Ukitoboa ukuta wake gesi itavuja, na gesi ya majokofu mengi mapya hushika moto.

5. Likileta matatizo

Haliwaki kabisa: kagua plagi. Soketi nyingi za jikoni zina kitufe kilichoandikwa RESET, kibonyeze. Kisha kagua swichi za umeme za nyumba.

Linanguruma bila kupoza: huenda mlango haufungi, limejazwa mno, au vumbi limefunika mabomba ya nyuma. Chomoa, ondoa vumbi kwa brashi, kisha upime joto tena.

Maji yanatuama ndani: tundu la kutolea maji limeziba. Lizibue kwa maji ya uvuguvugu.

Harufu ya kuungua au cheche: chomoa ikiwa ni salama kufanya hivyo. Ukiona moshi au moto, tokeni nje na mpige 911.

6. Umeme ukikatika

Tarehe 29 Juni 2012, siku ambayo joto la Washington lilifika nyuzi 104 za Fahrenheit, dhoruba ya upepo ilikata umeme wa wateja zaidi ya milioni 1 katika eneo hili. Wengine walikaa gizani siku kadhaa. Basi jiandae mapema.

Usifungue mlango. Jokofu lililofungwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Saa 4 zikipita bila barafu ya kusaidia, tupa nyama, samaki, maziwa, wali, maharage na vyakula vingine vilivyopikwa. Siagi, mkate na matunda mazima hubaki salama. Usionje chakula ili kujua kama kimeharibika. Cha friza chenye chembe za barafu bado chaweza kugandishwa tena.

Usiwashe jiko la mkaa wala jenereta ndani ya nyumba. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

7. Haki zako

Ikiwa jokofu ni la mwenye nyumba, mwarifu kwa maandishi yenye tarehe, pamoja na picha ya kipimajoto. Sheria ya Virginia humtaka avitunze vifaa alivyovitoa. Jijini Washington, asipotengeneza, piga 311.

Kaya inayopokea SNAP iliyopoteza chakula kwa umeme kukatika yaweza kuomba kurudishiwa thamani ya chakula kilichonunuliwa kwa msaada huo. Toa taarifa ndani ya siku 10 tangu kukipoteza.

Tangu mwaka 2004, sheria ya jiji la Washington huzitaka ofisi zake zikupatie mkalimani bila malipo. Sema tu: “Ninazungumza Kiswahili.” Usimtumie mtoto kukutafsiria.