KUPENDA PEKE YAKE SI HOJA

Nina deni. Deni lenyewe ni la muhula wa kwanza, siku ile chama chetu cha Kiswahili kilipokutana kuzungumzia vitabu, filamu na nyimbo. Nilisimama kifua mbele nikatangaza: "Bembea ya Maisha ni tamthilia ya kuchosha. Hakuna kinachotokea!" Wengine wakapiga makofi. Mwalimu akaniuliza swali moja tu: "Ni onyesho gani lililokuchosha?" Nikabaki mdomo wazi kama mbuta sokoni. Kumbe sikuwa nimesoma tamthilia yenyewe. Nilikuwa nimesoma mwongozo!

Makala haya ndiyo malipo ya deni hilo. Nataka tujifunze pamoja jinsi ya kusema kwamba kazi fulani imetupendeza au imetuvunja moyo, na mtu akitusikia atuamini.

Funzo la kwanza: Isome kazi yenyewe

Mwongozo wangu haukusema uongo. Uliorodhesha dhamira, wahusika na tamathali za usemi, nami nikakariri yote kama kasuku. Lakini kusoma mwongozo ni sawa na kusimuliwa utamu wa samaki aliyeliwa na mtu mwingine. Baada ya aibu ile nikaazima nakala. Tulikuwa watatu tukigawana kitabu kimoja, na zamu yangu ilikuwa Ijumaa jioni hadi Jumapili.

Katika tamthilia hiyo Timothy Arege anatuonyesha Sara, mama mgonjwa, na mumewe Yona. Walijaliwa mabinti, na watu wakawasema kwa kukosa mtoto wa kiume, hata Yona akaingia katika ulevi. Binti yao Neema ndiye anayehangaikia matibabu ya mama mjini. Hapo linazuka suala jingine: je, ni sawa mama kulala nyumbani kwa mkwewe?

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Sisi kwetu ni wasichana wanne, hakuna mvulana. Maneno anayoambiwa baba hapa Rodi nayajua. Tena mwaka jana mama alipokwenda Kisumu kutibiwa, alikataa katakata kulala kwa dada yangu aliyeolewa huko, kwa kuwa kwetu Wajaluo ni mwiko. Alilala kwa muumini mwenzake, mbali na hospitali, na kila asubuhi akapanda matatu na maumivu yake. Mimi nilimkasirikia. Nilimwambia waziwazi kwamba ni mkaidi.

Jumamosi usiku nilimsomea mama sehemu ile kwa taa ya sola, penye ugumu nikimfasiria kwa Kijaluo. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Huyo mwandishi alitutembelea lini?" Tukacheka kweli kweli. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwa amewahi kuniambia: alitamani sana kulala kwa dada, lakini aliogopa kwamba baya lolote likitokea katika ndoa ile, watu watasema yeye ndiye aliyelileta. Nilimwomba msamaha usiku huohuo.

Na mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu nikasema hakuna kinachotokea!

Funzo la pili: Tofautisha kasoro ya kazi na matarajio yako

Binamu yangu alinionyesha Black Panther, filamu ya mwaka 2018, kwenye simu yake. Nilingojea kwa hamu kwa sababu ya Lupita Nyong'o, Mjaluo mwenzetu aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014 kwa filamu ya 12 Years a Slave. Nilikuwa na hakika atasema japo neno moja la Kijaluo. Wapi! Watu wa Wakanda, ambayo ni nchi ya kubuni, wanasema Kixhosa cha Afrika Kusini. Nikatoa hukumu papo hapo: filamu mbaya.

Baadaye nilijifunza kwamba John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini, ndiye aliyeleta Kixhosa alipoigiza mfalme T'Chaka katika Captain America: Civil War ya mwaka 2016. Filamu iliyofuata ikaendelea na lugha hiyo. Basi jambo lenyewe lilikuwa na sababu. Sentensi yangu ya haki ingekuwa, "Nilitarajia Kijaluo, sikukipata." Hiyo ni habari ya moyo wangu, si kasoro ya filamu.

Je, haina kasoro basi? La hasha! Tazama pambano la mwisho kati ya T'Challa na Killmonger ndani ya mgodi. Wote wawili wamevaa mavazi ya chui yanayokaribia kufanana, na kuna giza. Mimi sikujua nani anampiga nani, na nilikuwa nimeshawapenda wote wawili kama watu. Unaona tofauti? Sasa nimekuonyesha mahali penyewe, nawe waweza kwenda kutazama na kunipinga.

Funzo la tatu: Jua kazi hutengenezwa vipi

Babu yangu hana mchezo na D.O. Misiani na bendi ya Shirati Jazz. Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, akawa mmoja wa vinara wa benga hapa Kenya, na akafariki mwaka 2006, kabla sijazaliwa. Siku moja nilimlalamikia babu, "Babu, maneno yamekwisha, mbona magitaa hayanyamazi?" Akajibu, "Nyakwara, hapo ndipo ngoma inapoanza."

Akanieleza kwamba gitaa la benga limeiga nyatiti, ala yetu ya nyuzi nane. Kwanza mwimbaji hutoa ujumbe, kisha huyapisha magitaa, nao watu wakainuka kucheza. Zamani santuri ndogo haikuweza kubeba wimbo mrefu upande mmoja, kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili: ukimaliza wa kwanza, unageuza santuri. Tena Misiani alipenda kuimba kwa mafumbo, maana kuna mambo ambayo wakati huo hayakusemeka hadharani. Anayesikiliza haraka haraka husikia hadithi tu.

Bado sizipendi nyimbo zote za babu, sitawadanganya. Lakini zamani nilikuwa nasema ni kelele za wazee. Siku hizi nasema nyingine zina maneno machache mno kwangu mimi mpenda mashairi. Babu anakubali kwamba hiyo ni hoja, ingawa haongezi wala hapunguzi sauti ya redio!

Funzo la nne: Hata unachokipenda, kihoji

Kitabu nikipendacho kuliko vyote ni Siku Njema cha Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996. Mwandishi wake alituacha mwaka 2020. Kongowea Mswahili anaondoka Tanga kumtafuta baba asiyemjua, na safari inamfikisha Kitale. Nakipenda kwa sababu Kiswahili chake kinatiririka, na kwa sababu Kongowea anabeba uchungu wake bila kujililia sana. Hata hivyo, nikikisoma kwa jicho kavu naona sadfa ni nyingi, na bahati humfungulia mlango pale anapobisha. Kusema hivyo hakupunguzi mapenzi yangu. Kumpenda mtu si kujifanya huoni kovu lake.

Zoezi

Ewe msomaji, chagua kitabu, filamu au wimbo mmoja, kisha ujibu maswali haya kwenye daftari lako:

1. Je, nimeusoma, nimeutazama au nimeusikiliza wenyewe hadi mwisho?
2. Ni mahali gani hasa paliponigusa au paliponichosha?
3. Nilitarajia nini, na je, kazi yenyewe iliniahidi hicho?
4. Nani anaipenda kazi hii kuliko mimi, na nimemuuliza sababu?

Swali la nne ndilo gumu, maana linahitaji unyenyekevu. Lakini mimi ndilo lililonirudisha kwa mama na kwa babu.

Mwalimu, deni nimelipa. Ukiniuliza tena onyesho gani, niko tayari. Kalamu naweka chini.