"Markup" na "margin": usizichanganye, zitakula mtaji wako

Haya maneno mawili ya Kiingereza tunayasikia kila siku kwenye video za biashara, na wengi wetu tunayatumia kama kitu kimoja. Mimi kuyachanganya kulinigharimu 50,000.

Nauza mikoba ya kike mtandaoni. Mkoba mmoja ulikuwa unanifikia kwa 20,000 pamoja na usafiri, nauza 25,000. Faida 5,000. Nikasema moyoni, hapa nina asilimia 25. Mzigo ukakaa, nikatangaza ofa: punguzo la 25%! Nilijua naachia faida tu, mtaji utarudi wote.

Mikoba 40 ikaisha. Nahesabu hela, mtaji umepungua! Kumbe 25% ya 25,000 ni 6,250, kwa hiyo nilikuwa nauza 18,750. Hasara 1,250 kwa kila mkoba. Zidisha mara 40.

Kosa langu lilikuwa hapa:

👉 Markup ni faida ukiigawa kwa bei ya kununulia. 5,000 ÷ 20,000 = 25%.

👉 Margin ni faida hiyo hiyo ukiigawa kwa bei ya kuuzia. 5,000 ÷ 25,000 = 20%.

Mteja anapunguziwa kwenye bei ya kuuzia, si kwenye bei uliyonunulia. Kwa hiyo mwisho wangu ulikuwa 20%. Hapo narudisha mtaji, nikizidisha naumia.

Zitumie hivi:

1. Unapopanga bei ya mzigo mpya, tumia markup: bei ya kununulia, jumlisha asilimia unayoongeza.

2. Unapotoa punguzo, au unapomlipa anayekuuzia kamisheni ya asilimia ya mauzo, angalia margin kwanza.

3. Ukitaka margin ya 25%, usiongeze 25% juu ya 20,000. Gawa 20,000 kwa 0.75, unapata kama 26,667. Weka 27,000.

Na mtu akikwambia "napata 100%", muulize ipi. Markup ya 100% ni margin ya 50% tu.

Sasa chukua bidhaa yako moja inayotoka sana, piga hesabu zote mbili, kisha niandikie hapo chini umepata ngapi. Na kama una mwenzako anajiandaa kutangaza ofa, mtumie somo hili kabla hajatangaza.