NENO LIUDHILO: TUSAMEHE AU TUSHITAKI?

Somo: Mathayo 18:15–22, Matendo 16:35–39



Hapa Maisaka Wakristo na Waislamu twakaa mtaa mmoja. Twanunua katika soko moja, na katika msiba twazikana. Lakini mara nyingine wahubiri wa pande zote mbili husimama hadharani na vipaza sauti, na neno hutamkwa liumalo sana. Ndipo Wakristo huuliza: Je, tumshitaki? Swali hili halijibiwi kwa hasira. Na tulitazame kwa utaratibu.

1. Kesi iliyotokea nchini mwetu

Huko Morogoro, Mwislamu mmoja alishitakiwa kwa kuwa alisema mbele ya watu kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Sheria iliyotumika ni kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kimkatazacho mtu kutamka neno kwa kusudi la kuumiza moyo wa mwenziwe katika mambo ya dini. Akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Mahakama Kuu ilimpunguzia adhabu hata akatoka gerezani, lakini hatia ikabaki juu yake. Waislamu wengi walisikitika, na mwezi wa Agosti mwaka 2001 palikuwa na maandamano Dar es Salaam. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliifuta hatia ile. Kesi hiyo huitwa Dibagula dhidi ya Jamhuri.

Angalieni vema jambo hili. Kifungu kile hakimwadhibu kila asemaye neno la kuudhi. Sharti liwepo kusudi la kuumiza. Mwislamu akisema hivyo, asema itikadi ya dini yake. Sisi nasi twasema Yesu ni Mwana wa Mungu, na kwake yeye neno hilo ni kufuru. Katiba yetu, ibara ya 18, yampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Na ibara ya 19 yampa uhuru wa dini, pamoja na kuitangaza. Basi, ikiwa ungamo lake ni kosa la kufungwa, ungamo letu la kila Jumapili litakuwa nini? Fimbo tumwombeayo jirani yaweza kutuangukia sisi.

2. Maandiko yatufundisha nini?

Bwana wetu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakulaani wala hakunyamaza. Aliuliza sababu ya kupigwa (Yohana 18:23). Paulo naye, huko Filipi, aliwataka wakuu wa mji waje wenyewe kumtoa, kwa kuwa walimpiga na kumfunga pasipo hukumu. Basi si dhambi Mkristo kutumia haki ya sheria. Lakini tazameni Paulo alidai haki kwa ajili ya nini: kwa ajili ya mapigo na kifungo, wala si kwa kuwa mtu aliikana imani yake. Hao walioikana aliwajibu kwa mafundisho, mjini kwa mjini.

3. Tupambanue mambo matatu

Kwanza, maoni juu ya imani, hata yakiuma. Hayo yajibiwe kwa upole na kwa maarifa, kama Petro aagizavyo (1 Petro 3:15). Mwalimu asiyeweza kumjibu Mwislamu na asome zaidi, asikimbilie polisi.

Pili, matukano au uongo juu ya mtu. Hapo tuanze na njia ya Mathayo 18: nenda kwake peke yako, kisha pamoja na mashahidi, kisha mbele ya kanisa. Njia hiyo ya kanisa yafaa hata kwa jirani wa dini nyingine, kwa msaada wa wazee wake. Uongo ukizidi kumharibia mtu kazi au nyumba yake, baraza la sheria lipo.

Tatu, kupiga, kuchoma na kuchochea watu wafanye hayo. Mnakumbuka Oktoba 2012 huko Mbagala: mtoto alikinajisi kitabu cha Kurani, na watu wenye hasira wakayachoma na kuyaharibu makanisa. Hapo Serikali yatenda kazi iliyopewa na Mungu (Warumi 13). Kusamehe si kusema kwamba hapakuwa na kosa. Ni kuondoa kisasi moyoni. Mtu aweza kutoa ushahidi mbele ya hakimu huku akimwombea mshitakiwa. Lakini aendaye mahakamani ili aone adui yake akiaibishwa, huyo hajasamehe, hata akishinda kesi.

4. Tujichunguze vinywa vyetu

Martin Luther alisimama mbele ya Kaisari huko Worms mwaka 1521, akaitetea dhamiri yake. Lakini Luther huyo huyo aliandika mwaka 1543 kitabu cha matusi makali juu ya Wayahudi, na mwaka 1984 Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni liliyakataa maneno hayo. Ikiwa mwalimu wetu alijikwaa kwa ulimi, sisi tu nani? Amri ya nane yamlinda jirani, wala haiulizi dini yake.

Maswali kwa waalimu na vikundi

1. Je, tumewahi kusema juu ya Waislamu neno ambalo sisi tukiambiwa tungeita tusi?
2. Jambo lililotuudhi mwaka huu ni la fungu gani katika yale matatu?
3. Nani katika usharika wetu aweza kwenda kwa mzee wa msikiti kuzungumza kabla neno halijawa moto?

Bwana na aweke mlinzi vinywani mwetu. Amina.