Kingo za mkanda wa saa

Swali: Nashona viatu hapa Chome, sasa nimeanza mikanda ya saa. Mbona kingo zinachanua nyuzi baada ya wiki mbili tu?

Jibu: Fundi, kata kipande utazame ndani. Ukiona usamawati, hiyo ni ngozi ya kromu. Sugua utakavyo, haing'ai, bora uipake rangi ya kingo. Ngozi iliyoiva kwa magome ya miti ndiyo husikia kusuguliwa. Piga msasa namba 400, pitisha kidole chenye maji (wengi huilowesha chapachapa, wakaiharibu), kisha sugua kwa kijiti laini cha mti mgumu hadi kingo zipate joto na weusi kidogo. Malizia na nta ya nyuki. Usiuache mkanda usiku dirishani. Ukungu wa mlima Shengena huleta kuvu.