Kisogo cha Mtoto Kikibonyea: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi

Kisogo cha mtoto mchanga kubonyea upande mmoja ni jambo la kawaida kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Watafiti wa Calgary, Kanada, waliwachunguza watoto 440 wenye umri wa wiki 7 hadi 12 na kuchapisha matokeo mwaka 2013: karibu nusu yao walikuwa na ubapa kichwani, ingawa kwa wengi ulikuwa mdogo tu. Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu mzazi akiuona ubapa huo huingiwa na hofu, na hofu humfanya anunue chochote anachoambiwa kitasaidia, au, vibaya zaidi, aanze kumlaza mtoto kifudifudi. Pia wapo watoto wachache ambao umbo la kichwa ni dalili ya ugonjwa. Hao hawapaswi kusubiri.

Kwa nini kichwa hubonyea

Fuvu la mtoto mchanga si mfupa mmoja. Ni vipande kadhaa vilivyoshikanishwa na viungio laini, na ndiyo maana kichwa huweza kupita katika njia ya uzazi, na ndiyo maana ukigusa utosi unausikia ukidunda. Kichwa kilichorefuka wakati wa kuzaliwa kwa kawaida hurudi chenyewe ndani ya siku au wiki chache. Mzingo wa kichwa huanzia takriban sentimita 35. Katika miezi mitatu ya kwanza huongezeka karibu sentimita 2 kila mwezi, kisha kasi hupungua, na kuanzia mwezi wa sita ni kama nusu sentimita tu kwa mwezi. Zishike hesabu hizo, maana kila tiba tutakayoieleza hapa hutegemea ukuaji huo.

Boga linalokua likiwa limelalia udongo hubonyea upande lilioegemea na kututumka kwingine. Kichwa kinachoegemea mahali pamoja kwa saa nyingi hufanya vivyo hivyo. Wamangbetu wa kaskazini-mashariki mwa Kongo walilijua hili tangu zamani: waliwafunga watoto wao kichwani ili fuvu lirefuke kwenda nyuma, alama ya urembo na hadhi, mpaka desturi hiyo ilipofifia katikati ya karne ya 20.

Visogo bapa vilianza kuonekana kwa wingi hospitalini katika miaka ya 1990. Mwaka 1992 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto wasilazwe kifudifudi, na mwaka 1994 ikaanza kampeni ya nchi nzima ya kuwalaza chali. Vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu, na visogo bapa vikaongezeka. Kwetu sisi hakuna mjadala hapo. Kisogo hurekebishika. Mtoto alazwe chali kila anapolala, usiku na mchana, hata kama kichwa chake tayari kimebonyea.

Watoto njiti na mapacha hupata ubapa kwa urahisi zaidi. Lakini chanzo kinachosahaulika mara nyingi ni shingo. Msuli wa upande mmoja wa shingo ukiwa mfupi au umekakamaa, mtoto hulalia upande mmoja wa kichwa daima. Mama ndiye hugundua mapema: mtoto ananyonya titi moja vizuri na la pili anahangaika, ukimwita kutoka kushoto anageuka, kutoka kulia anageuza macho tu. Pengine utagusa kivimbe kidogo kwenye msuli wa shingo. Mtoto huyo anahitaji mtaalamu wa fiziotherapia, atakayemfundisha mama mazoezi ya kuinyoosha shingo taratibu. Shingo isiposhughulikiwa, kumbadilisha ulalaji na hata kumvalisha helmeti ya kurekebisha umbo la kichwa, tutakayoieleza mwishoni, ni kuhangaika bure.

Mwangalie kutoka juu

Mlowanishe mtoto nywele wakati wa kuoga ili zilale. Mtu mmoja amshike ameketi mapajani, kichwa kikiwa kimeegemezwa vizuri, na mwingine asimame nyuma na kumtazama kutoka juu ya utosi. Gusa kila sikio kwa ncha ya kidole cha shahada. Je, vidole viwili viko sambamba, au kimoja kimetangulia?

Ubapa unaotokana na kulalia upande mmoja husukuma sikio la upande huo mbele, na paji la uso la upande huo huo hutokeza kidogo. Kichwa kizima huonekana kama mstatili uliosukumwa ukainama. Ukiona sikio la upande uliobonyea limevutwa nyuma badala ya kusogea mbele, au ukipapasa ukakuta tuta gumu la mfupa kama ukingo, hilo ni jambo lingine na lionwe na daktari. Piga picha kutoka juu kila baada ya wiki mbili, kwa maana mtu anayemwona mtoto kila siku hawezi kupima mabadiliko kwa macho.

Kazi ya nyumbani ndiyo tiba ya kwanza

Mtoto hugeukia mwanga, mlango na sauti ya mama. Basi tumia hilo. Leo mlaze kichwa kikiwa upande huu wa kitanda, kesho upande wa pili, ili akitafuta dirisha alilalie shavu lingine. Anayenyonyeshwa hubadilishwa mikono na titi lenyewe; anayetumia chupa mara nyingi hushikwa mkono ule ule, kwa hiyo badilisha kwa makusudi.

Akiwa macho, mlaze kwa tumbo huku ukimwangalia. Anza siku za mwanzo kwa kumlaza kifuani mwako, dakika moja au mbili kwa wakati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa vipindi vifupi. Atalalamika mwanzoni, kwa sababu ni kazi. Lala chini mbele yake mtazamane, mwimbie, mwonyeshe uso wako.

Mbeleko nayo husaidia sana, kwani mtoto aliye mgongoni kisogo chake hakiegemei kitu. Hakikisha tu pua na mdomo viko wazi na kwamba halazi shavu lile lile kila mara, na mwongozo huo huo unashauri asifungwe mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo. Kiti cha gari kikae kwenye gari. Mtoto asiachwe alale humo baada ya kufika nyumbani.

Ukianza haya kabla ya miezi minne, mara nyingi hutahitaji kingine chochote.

Yaache haya

Wapo bibi na wakunga wa jadi wanaokikanda kichwa cha mtoto kwa viganja au kitambaa cha moto ili kiwe mviringo. Wanafanya kwa upendo. Hata hivyo fuvu halirudishwi kwa kubonyezwa dakika tano asubuhi, na kitambaa cha moto huweza kuunguza ngozi. Bibi apewe kazi yenye faida: yeye ndiye awe msimamizi wa kumgeuza mtoto na wa vipindi vya kulalia tumbo. Hakuna mwenye subira kama yake.

Mito yenye tundu katikati, inayouzwa kwa jina la kutengeneza kichwa, usiinunue. Mnamo Novemba 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wazazi wasiitumie, kwa kuwa inaweza kumziba mtoto pumzi. Kitanda cha mtoto mchanga hakihitaji mto wa aina yoyote.

Nenda hospitali bila kuchelewa

Nenda iwapo umbo la kichwa halikuwa sawa tangu kuzaliwa na linazidi kuharibika, unapapasa tuta la mfupa, utosi umefunga mapema mno au umevimba mtoto akiwa ametulia, kichwa kinakua haraka kupita kiasi, au macho yanaelekea chini muda wote. Katika mtoto mmoja kati ya takriban 2,000 hadi 2,500, viungio vya fuvu huungana kabla ya wakati, na hapo tiba huwa ni upasuaji. Kichwa kinachokua kupita kiasi huweza kuwa na maji yaliyojaa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Kijabe nchini Kenya na CURE ya Mbale, Uganda, hutibu watoto wa aina hii. Mzingo wa kichwa upimwe kliniki na kuandikwa; usipopimwa, omba.

Kuhusu helmeti

Picha za watoto waliovaa helmeti za rangi zimeenea mtandaoni, na ndugu walioko Marekani au Uingereza huzizungumzia. Tiba hii ilielezwa katika majarida ya kitabibu mwaka 1979 na daktari Sterling Clarren wa Marekani. Helmeti haifinyi kichwa. Mtaalamu hupima umbo, zamani kwa plasta na siku hizi kwa skana, kisha hutengeneza gamba gumu la plastiki lenye sponji ndani. Gamba hugusa palipotokeza na kuacha nafasi palipobonyea, na kichwa kinapokua huijaza nafasi hiyo. Ndiyo sababu wakati mzuri wa kuanza ni kati ya miezi minne na sita, na baada ya mwaka mmoja faida huwa ndogo sana. Huvaliwa saa 23 kwa siku, kwa miezi kadhaa.

Je, inasaidia? Wataalamu hawajakubaliana, na mzazi anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kulipa. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya watoto 84 wenye ubapa wa wastani hadi mkubwa. Nusu walivaa helmeti kwa miezi sita, nusu hawakuvaa. Walipofikisha miaka miwili, waliopona kabisa walikuwa asilimia 26 kwa waliovaa na asilimia 23 kwa wasiovaa. Karibu wazazi wote wa waliovaa walitaja muwasho au wekundu wa ngozi, na robo tatu walisema kumkumbatia mtoto kuliwawia vigumu. Utafiti huo ulikosolewa: haukuwahusisha watoto wenye ubapa mbaya kupindukia wala wenye shingo iliyokakamaa, na helmeti nyingi hazikukaa vizuri kichwani. Mwaka 2016 madaktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani walipendekeza helmeti kwa mtoto ambaye ubapa wake wa wastani au mkubwa umebaki baada ya mazoezi na kubadilishwa ulalaji. Nchini Uingereza huduma ya afya ya serikali kwa kawaida haitoi helmeti hizi. Mzazi hujilipia, na bei ni kama pauni 2,000 au zaidi.

Msimamo wetu ni huu: ubapa mdogo hauhitaji helmeti, na familia isikope wala kuuza kitu kwa ajili yake. Ubapa haudhuru ubongo. Mtoto mwenye ubapa anayechelewa kukaza shingo au kuketi achunguzwe kwa sababu ya kuchelewa huko, kwani huenda ndiko kulikomfanya alale upande mmoja. Helmeti ina nafasi kwa mtoto mwenye ubapa mkubwa ambaye amefanyiwa mazoezi kwa wiki kadhaa bila nafuu, na kwa baadhi ya watoto waliofanyiwa upasuaji wa viungio vya fuvu.

Daktari akishaiandika, wasiwasi mkubwa katika nchi zetu ni joto. Mtoto aliyevaa helmeti Mombasa au Dar es Salaam atatoka jasho jingi, hasa siku za mwanzo. Mvishe nguo nyepesi, ifute helmeti ndani kila siku kwa spiriti na uiache ikauke kabisa, kichwa kioshwe na kukaushwa kila siku. Wekundu unaotoweka ndani ya saa moja baada ya kuivua ni wa kawaida. Usiotoweka, au ngozi ikichubuka, vua na umpigie mtaalamu. Akipata homa, ivue mpaka homa ishuke. Ikianza kubana kabla ya siku ya miadi, usiikate wala kuipanua mwenyewe: mrudishe mtoto kwa aliyeitengeneza, maana kwa umri huo helmeti hupaswa kuangaliwa na kurekebishwa kila wiki chache.